Historia Isemwe Yote

Hotuba iliyosomwa katika maadhimisho ya hekalu letu



Tuliombwa tuzungumze juu ya historia ya jamii yetu katika pembe hii ya nchi. Ingekuwa rahisi kusimama hapa na kuwataja wazee waliofungua maduka, waliochanga fedha na waliojenga. Kazi hiyo wenzetu wameifanya vizuri, nasi tunawashukuru. Leo tunaomba ruhusa yenu tuulize swali linalotangulia hilo: mataifa hukumbuka vipi yaliyopita, huwafundisha nini watoto wao, na hutokea nini pale watoto wanapofundishwa nusu? Sisi si wanahistoria. Elimu yetu iliishia sekondari, na umri wetu tumeumalizia dukani na katika kusubiri malori. Lakini mtu anayeishi Rusumo hawezi kusema kwamba historia ni mambo ya vitabuni tu. Hapa historia ilipita mbele ya macho ya watu, juu ya daraja na chini ya daraja.

Tuanze na mto wenyewe. Nyabarongo hutoka Rwanda, Ruvubu hutoka Burundi, na maji yao hukutana karibu na maporomoko haya kabla ya kwenda Ziwa Viktoria kwa jina la Kagera. Mwezi Mei mwaka 1894 Mjerumani mmoja, Gustav Adolf von Götzen, aliuvuka mto huu hapa Rusumo akaingia Rwanda. Kwao alisifiwa kuwa msafiri shujaa. Miaka saba baadaye, mwaka 1901, mtu huyo huyo alifanywa Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ni katika utawala wake Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905. Askari wake walichoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000. Vita vilipokwisha, gavana huyo aliandika kitabu juu ya vita hivyo. Aliyechoma maghala ndiye aliyesimulia moto. Jina lake wakapewa hata meli ya Ziwa Tanganyika, meli ambayo abiria wa Kigoma wameipanda kwa miaka mingi kwa jina la Liemba, na wengi wao hawajui iliitwaje mwanzoni.

Habari za Maji Maji zilibaki kwa muda mrefu kama wakoloni walivyoziandika, yaani uasi wa washirikina waliodanganywa na mganga. Ilibidi tupate uhuru, tuwe na chuo kikuu chetu Dar es Salaam, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi na walimu wa chuo hicho, Gilbert Gwassa akiwa mmoja wao, waende vijijini kusini kuwauliza wazee waliokuwa bado hai. Ndipo taifa lilipopata simulizi ya upande wa pili. Na huko Ujerumani, ambako mtoto angeweza kumaliza shule bila kulisikia neno Maji Maji, ilichukua hadi mwezi Novemba 2023 kwa Rais Frank-Walter Steinmeier kufika Songea na kuomba msamaha. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miaka 115 tangu vita vianze. Taifa linaweza kukaa na deni muda wote huo bila kuliandika daftarini.

Huo ni usahaulifu, nao ni mbaya. Lakini kuna kilicho kibaya zaidi: historia inayofundishwa kila siku, ubaoni, kwa chaki, nayo imepindishwa. Kwa hilo hatuna haja ya kwenda mbali. Chimbuko lake liko kwa jirani zetu wa Karagwe.

Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, akawa mgeni wa Mfalme Rumanyika, akapokewa kwa ukarimu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 alieleza kwamba wafugaji waliotawala katika falme za nchi hizi walikuwa watu wa asili nyingine, waliotoka upande wa Uhabeshi na kuwashinda wakulima waliowakuta. Ushahidi wake ulikuwa nini? Sura za watu, urefu wao na ng'ombe wao. Speke hakukanyaga Rwanda hata siku moja. Lakini wazo lake lilisafiri mbali kuliko yeye. Wamisionari walilipokea, watawala wa Kijerumani wakalipokea, kisha Wabelgiji wakalitia katika ofisi. Katika miaka ya 1930 waliwahesabu Wanyarwanda na kuwapa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, watu wenye lugha moja, dini moja ya mababu na milima ile ile. Shuleni watoto wa machifu wa Kitutsi waliambiwa kwamba wamezaliwa kutawala.

Sasa tuangalie jambo linalostahili kuzingatiwa na kila mwalimu. Yalipotokea mapinduzi ya mwaka 1959, na uhuru ulipopatikana mwaka 1962, watawala walibadilika lakini somo halikubadilika. Hadithi ya watu waliotoka Uhabeshi haikufutwa, iligeuzwa tu. Iliyokuwa sifa ikawa shtaka. Kama Watutsi walikuja kutoka mbali, basi ni wageni. Kama ni wageni, basi hawana haki. Na kama hawana haki, basi warudi kwao. Maelfu walikimbia wakati ule, na wengine walipokewa hapa Ngara, katika makazi ya Muyenzi.

Tarehe 22 Novemba 1992 msomi na mwanasiasa aitwaye Léon Mugesera alihutubia wafuasi wa chama chake huko Kabaya. Aliwaambia kwamba kwao Watutsi ni Ethiopia, na kwamba watapelekwa huko kwa njia ya mkato, yaani kwa Mto Nyabarongo. Ndugu zetu, Nyabarongo hauendi Ethiopia. Nyabarongo huja Rusumo.

Mwaka 1994, kati ya Aprili na Julai, katika muda wa siku zipatazo 100, waliuawa watu wapatao 800,000 kwa makadirio yanayotajwa sana, na zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Miili yao ilishuka kwenye maporomoko haya. Iliyofika Ziwa Viktoria iliopolewa na wavuvi na wanavijiji wa Uganda, na makaburi ya maelfu yao yako Kasensero, Lambu na Ggolo hadi leo. Tunawaomba vijana walishike hili: somo la uongo la historia, lililoanza kama maneno ya msafiri mmoja, lilikuja kuonekana kwa macho katika mto tunaouona kila siku.

Tena msidhani ilikuwa kazi ya wajinga. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003 Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM iliyochochea mauaji. Kazi ya mtu huyo kabla ya redio ilikuwa nini? Alikuwa mwalimu wa historia katika chuo kikuu cha taifa. Usomi peke yake haumwokoi mtu.

Hata sisi tulio jirani tumekumbuka nusu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya ujenzi ya Kiitalia, ikawa mji mkubwa ndani ya siku chache. Watoto wetu wanapoisikia habari hiyo hudhani kwamba hao waliovuka ndio waliokuwa wakiuawa. Sivyo. Wengi wao walikuwa Wahutu waliokimbia jeshi la RPF lililokuwa likisonga mbele. Miongoni mwao walikuwamo wakulima wasio na hatia, wazee na watoto wachanga, na walikuwamo pia wauaji wenye damu mikononi. Waliowindwa walipita chini ya daraja. Kambini hakuna aliyeweza kumtenga mmoja na mwingine kwa kumtazama usoni, na hilo lenyewe ni jibu tosha kwa Speke.

Tanzania inajivunia kuwapokea wakimbizi, na ina haki ya kujivunia. Wahangaza na Washubi waligawana nao maji, kuni na ardhi, na misitu ya Ngara ililipa gharama yake. Lakini ukurasa huo una kurasa zinazoufuata. Mwishoni mwa mwaka 1996 mamia ya maelfu walirudishwa kwa kuvuka daraja hilo hilo, na wengi hawakupenda. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, maelfu ya watu walioitwa wahamiaji haramu waliondoka katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na miongoni mwao walikuwamo waliokaa nchini miongo mingi, waliooa na kuzaa hapa. Serikali ina wajibu wa kulinda mipaka, nasi wafanyabiashara tunajua uhalifu uliokuwapo barabarani wakati ule. Hata hivyo, anayesimulia 1994 na kuiruka 2013 anahesabu faida na kuificha hasara.

Hapa tumefika mahali ambapo hatuna budi kujigeukia wenyewe. Nyani haoni kundule, nasi hatupendi kuwa nyani huyo.

Kuna hadithi mbili juu yetu sisi wenye asili ya Gujarat. Ya kwanza husimuliwa na wengine: kwamba Mhindi alikuja juzi, amekuja kunyonya, na siku moja atarudi kwao. Tunajua hadithi hiyo inaishia wapi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90, na hoja yake haikuwa ngeni: nani mwenyeji, nani mgeni. Miaka sita baadaye mtu huyo huyo alivamia mkoa huu na kudai kwamba ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera ni yake. Aliyeanza na duka la Mhindi hakuishia hapo; alifika kwenye shamba la Mhaya.

Hadithi ya pili tunaisimulia wenyewe: kwamba babu zetu walikuja kujenga reli, wakiwa na kifurushi kimoja, na kwa bidii na akili ya biashara wakafanikiwa. Ni hadithi nzuri, lakini ina matundu. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Wengi wao walikuwa watu wa Punjab, wapatao 2,500 walikufa, na wengi wa waliobaki hai walirudi kwao. Wafanyabiashara wa Kutch na Kathiawar walikuwa Zanzibar na Bagamoyo kabla ya reli yoyote, wakija kwa majahazi na pepo za kaskazi.

Walifanya nini huko? Waliuza vitambaa na shanga, walinunua karafuu na pembe za ndovu, na walikopesha misafara. Katika enzi ya Seyyid Said na baada yake, forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa miongo kadhaa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu wa Kutch. Ushuru ulitozwa forodhani kwa pembe za ndovu, na ulitozwa pia kwa vichwa vya watu waliouzwa. Mwaka 1860 balozi mdogo wa Uingereza, Rigby, aliwaacha huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi. Haya yameandikwa, na mtoto wetu atayasoma siku moja, ama kwetu, ama kwa mtu asiyetupenda.

Na ile akili ya biashara? Bidii ya wazee wetu hatuikani. Tumeiona kwa macho. Lakini katika Tanganyika ya Waingereza ilikuwapo sheria, iliyotiwa nguvu mwaka 1931, iliyozuia Mwafrika kupewa mali kwa mkopo. Mkopeshaji aliyempa bila kibali cha serikali hakuweza kudai haki yake mahakamani. Sisi wafanyabiashara tunafahamu vyema: bila mali kauli hakuna duka. Mhindi alipata mali kauli kwa tajiri wa Mwanza au Bukoba, na jirani yake Mhangaza, mwenye akili ile ile na bidii ile ile, alifungiwa mlango. Mtoto wa Kihindi akiambiwa kwamba tulifanikiwa kwa sababu ya damu yetu, basi amefundishwa somo la Speke kwa Kigujarati.

Wapo wenzetu waliotuonya, kwa nia njema, tusiyaseme haya mbele ya hadhara. Walituuliza: kwa nini tuwape fimbo wanaotaka kutupiga? Wengine walitukumbusha methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tumewasikiliza kwa heshima, na jibu letu ni hili. Anayetaka fimbo haikosi, na ukimya wetu humpa iliyo nzito zaidi, yaani uvumi. Na mganga gani atakayeganga yajayo bila kumwuliza mgonjwa alianza kuugua lini? Mficha maradhi kifo humuumbua. Tena anayesema mabaya yake ndiye atakayesadikiwa anaposema mema yake. Nayo mema yapo, wala hatutayaficha. Sewa Haji Paroo alitoa mali yake kwa shule na hospitali. Amir Jamal, aliyezaliwa Mwanza mwaka 1922, alishika hazina ya taifa hili kwa miaka mingi na kuaminiwa na Mwalimu Nyerere. Sophia Mustafa aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 akiungwa mkono na TANU.

Hali ni hiyo hiyo hata India, nchi ya mababu zetu. Mwaka 2023 sura na aya kadhaa, zikiwamo zinazohusu wafalme wa Mughal na zinazohusu ghasia za Gujarat za mwaka 2002, ziliondolewa katika vitabu vya shule. Hatukusimama hapa kuhukumu siasa za huko. Tunasema tu kwamba ukurasa ukitolewa kitabuni, lililotokea halitoki duniani.

Kila Diwali tunaleta vitabu vyetu vya hesabu mbele ya Mungu. Wazee waliviita chopda, na ukurasa wa kwanza huandikwa maneno ya heri na faida. Lakini hakuna mzee aliyetufundisha kuandika mapato na kuacha madeni. Kitabu cha namna hiyo si cha kubarikiwa, ni cha kumdanganya mbia. Na katika historia ya nchi wabia wetu ni ninyi, majirani zetu.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo mawili. La kwanza ni kwetu. Masomo ya Jumapili ya watoto hekaluni yawe na historia ya Wahindi wa Afrika Mashariki, yote, forodha ya Zanzibar na sheria ya 1931 zikiwamo, na watoto wa majirani wakaribishwe kusikiliza na kuuliza. Vitabu vya hesabu vya Kigujarati vilivyobaki majumbani visichomwe wala visiuzwe kwa wafunga karanga. Vina majina ya wakulima wa kahawa, wachukuzi na mafundi ambao hakuna kumbukumbu nyingine iliyowataja. Visomwe na kutafsiriwa kwa Kiswahili wakati wazee wanaoijua hati hiyo wangali hai.

La pili tunalisema kwa unyenyekevu kwa walimu wetu. Shule zetu sasa zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, nasi tunalifurahia. Mtoto wa Rusumo alisome akisimama penye mto, aambiwe yaliyopita juu na yaliyopita chini. Mbele yetu maporomoko haya yanatoa umeme wa megawati 80, nao unagawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Nchi tatu zimekubaliana juu ya maji. Ufaransa na Ujerumani, zilizopigana vita vitatu vikubwa tangu 1870 hadi 1945, mwaka 2006 zilitoa kitabu kimoja cha historia kwa shule za sekondari za pande zote mbili. Wenye vita vitatu wameweza. Sisi tunaogawana waya mmoja wa umeme hatuwezi kuanza hata na sura moja, sura ya mto huu, iliyoandikwa na walimu wa Ngara, wa Kirehe na wa Muyinga wakikaa meza moja?

Hatudai kwamba historia ikisemwa yote watu watapendana. Watu hugombana hata wakiujua ukweli. Lakini tumeona kwa macho yetu kwamba ikisemwa nusu, kuna watu watakaohesabiwa kuwa wageni katika ardhi waliyozaliwa, na kinachofuata tunakijua.

Mungu aibariki Ngara, aubariki mkoa wetu wa Kagera, aibariki Tanzania na majirani wa ng'ambo ya mto. Om shanti, shanti, shanti.